Picha Zilisema Maili Kumi na Tisa

Kwenye picha ya pili Daudi alikuwa na urefu wa milimita tano na nusu. Ya tatu, tano. Ya nne, nne. Ya tano, tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu karibu na dirisha, saa nane mchana, jicho la kulia kwenye kioo cha kukuzia, rula mkononi, na nilikuwa nafurahi. Nafurahi, mnasikia? Mtu akipungua kwenye picha maana yake anakwenda mbali, na Daudi akienda mbali maana yake alitoka kwenye ile mbuga kwa miguu yake mwenyewe. Nikaandika pembeni: hatua hamsini na tano. Chini yake: hatua sabini na tatu. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Nenda, Mhehe, nenda."

Kisha nikapima ufito.

Ufito ni mti wa futi sita, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa zamu, ambao Daudi aliushika kila siku ya kazi. Kuanzia picha ya tatu alikuwa ameulaza mbele ya kifua chake, kutoka kushoto kwenda kulia. Picha ya tatu, ufito milimita sita. Ya nne, sita. Ya tano, sita. Sita mpaka mwisho wa mkanda. Sasa kitu kikienda mbali kinapungua chote, pamoja na kilichomo mkononi mwake. Ufito haukupungua. Kwa hiyo Daudi hakuwa anakwenda mbali. Alikuwa pale pale, hatua arobaini mbele ya gari, na alikuwa anakwenda chini.

Nilikuwa nimempima rafiki yangu akizama, nikamwandikia kuwa anatembea.

Mimi naitwa Asheri. Shule niliishia darasa la nne, na macho yangu yameishia kazini, ndiyo maana nimestaafishwa kabla nywele hazijawa nyeupe. Jicho la kulia sasa linaona ukungu tu. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi za kupima njia, kwa sababu nimeambiwa pale ofisini Mbeya mnaulizana nini kilitokea mpaka kazi ya picha ikafungwa, na mnajibiwa uongo. Timu yetu tulikuwa watatu, nimebaki mimi.

Kazi yenyewe ilikuja na Mzungu mmoja, Bwana Eriki, mrefu kama mlingoti, ambaye baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita aliiona joto. Alituita watatu: Mzee Sanga, dereva, Mkinga ambaye hakuwahi kucheka mbele ya mtu, Daudi, kijana wa Kihesa kule Iringa, ambaye hakuwahi kuacha, na mimi niliyekuwa mfagizi wa ofisi na nilijulikana kwa macho makali. Akatuambia kuna gari limepelekwa mwezini. Halina dereva. Linakwenda lenyewe kwa kuamrishwa kutoka huku duniani, na linapiga picha. Na wale wanaoliamrisha, akasema, hawawezi kuamini magurudumu tu, maana mwezini kuna vumbi kama unga, gurudumu linazunguka na gari halisogei. Kwa hiyo wanatazama picha. Jiwe lililokuwa dogo kwenye picha ya kwanza limekuwa kubwa kwenye ya pili: basi gari limelisogelea, na kwa kupima limekua kiasi gani, unajua gari limekwenda umbali gani.

Daudi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Bwana Eriki, huko mwezini nani anashika ufito?"

"Hakuna mtu."

"Basi wanakosea," Daudi akasema. "Jiwe halina cheti cha urefu wake. Mimi najulikana futi tano na nusu, hata mama yangu anajua."

Eriki alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Landrova lilifungwa kamera juu ya paa, na saa ndani yake, ikifyatua yenyewe kila baada ya dakika tano. Daudi alitangulia kwa miguu na ufito kila palipokuwa pabaya, akijaribu ardhi. Mzee Sanga alimfuata polepole. Mkanda ukijaa unaletwa Mbeya, mimi nauosha kwenye chumba cha giza, natoa picha, nakaa dirishani napima. Tulianza barabara ya Iringa, kuijua kazi, kisha tukapelekwa mbuga ya Usangu kutafuta pa kupitisha njia ya kubebea mpunga. Na Usangu wakati wa mvua, niwaambieni, haina tofauti na vumbi la mwezini, ila hili lina maji.

Sikilizeni jinsi inavyofanyika, maana siku hizi mnapewa vyombo na hamjui kilichomo. Ufito wa futi sita ukiwa hatua ishirini mbele ya kamera yetu ulionekana milimita kumi na mbili. Ukiwa hatua arobaini, sita. Hatua themanini, tatu. Hiyo niliikariri kama jina langu. Kutoka picha hadi picha unatafuta kitu kimoja kisichohama: shina la mti, kichuguu, jiwe. Usipime matawi, upepo unayadanganya. Usipime kivuli. Usipime ukiwa umeshiba, mkono unakuwa mzito. Futa kioo kwa shuka kuukuu, siyo kwa shati la kazi lenye vumbi. Pima, funga macho, hesabu mpaka ishirini, pima tena. Ukipata namba mbili tofauti usichague ile unayoipenda.

Mimi nilichagua niliyoipenda mara mbili. Moja nimeshawaambia. Nyingine ni ya ng'ombe.

Ilikuwa wiki zetu za kwanza Usangu. Nilipata kwenye picha kitu kizuri, cha rangi ya udongo, kimejikunja, mbali mbele. Nikasema hiki kichuguu safi. Nikakitumia kama alama kwenye picha sita. Nikapiga hesabu, nikakuta gari limekwenda mbele robo maili, kisha limerudi nyuma nusu maili, kisha limesimama. Nikapeleka hivyo hivyo kwa mkuu wetu.

Mkuu wetu ni Lutengano Mwaisumo. Andikeni hilo jina, maana nitalirudia. Alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, amesoma, na alikuwa na kipaji cha kusema neno moja likakufuata mpaka nyumbani. Alimwita Mzee Sanga akamuuliza kama siku ile alirudi nyuma nusu maili. Mzee Sanga akasema, "Sijarudi hata hatua." Daudi akachukua picha, akaitazama, akaangua kicheko. "Kaka Asheri! Hiki siyo kichuguu. Huyu ni dume la Msukuma. Amelala, ameamka, amekwenda kunywa maji."

Ofisi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa nini nisicheke. Ila Mwaisumo hakucheka. Alinitazama akasema taratibu, "Kumbe tunapima kwa ng'ombe." Na tangu siku ile hakuniita jina langu tena. Aliniita Bwana Ng'ombe. Mwanzoni ulikuwa mzaha.

Hata kabla ya hapo Daudi alikuwa ameshaniwekea sheria. Siku moja kwenye barabara ya Iringa alikuwa amepiga goti afunge kamba ya kiatu, na kamera ikafyatua hapo hapo. Mimi nikamwona mfupi, nikamweka mbali mara mbili, na kwenye ramani yangu daraja la barabara likaangukia kwenye shamba la mahindi la mtu. Daudi akaja ofisini, akaninunia kwa utani. "Kaka, mtu anainama. Mtu anakaa. Mtu anaingia kwenye shimo. Ufito hauna goti. Mpime mtu, halafu pima ufito. Wakigombana, amini ufito." Nikaiandika ukutani kwa penseli. Nadhani bado ipo, kama hawajapaka chokaa.

Mvua ya mwaka ule ilianza mapema na haikujua kuacha. Bwana Eriki alikuwa likizo kwao. Mwaisumo alitaka kazi ya Usangu iishe kabla Mzungu hajarudi, aonekane yeye ndiye aliyeiweza. Mzee Sanga alimwambia mbele yangu, "Mkuu, mbuga imeshakunywa. Tungoje." Mwaisumo akajibu, "Mzee, wewe umeajiriwa kuendesha au kutabiri?" Basi wakaondoka, wawili, Sanga na Daudi, wakapita Chimala wakaingia mbugani.

Siku ya sita likaja kopo la mkanda. Mchungaji mmoja wa Kisukuma alilileta Chimala, akaliacha kwa mwenye duka, Mzee Salumu, mtu mwenye asili ya pwani ambaye tulimzoea kwa chai yake ya tangawizi, naye akalipakia kwenye basi la Mbeya. Mchungaji mwenyewe hakungoja, alikuwa anahamisha ng'ombe kukimbia maji. Ndani ya kopo, pamoja na mkanda, kulikuwa na karatasi ya Daudi. Mwandiko wake mkubwa mkubwa, kama wa mtu anayepiga kelele:

"Kaka Asheri, gari limezama mpaka ekseli. Mzee ana homa kali hawezi kusimama. Maji ya kunywa ni ya siku nne. Mita ya gari inasema maili 31 toka Chimala, lakini magurudumu yamezunguka bure sana siku tatu. Usiiamini. Pima picha. Tuko hapa, hatuondoki."

Nikaosha mkanda asubuhi ile. Sikula. Nilipima kichuguu kwa kichuguu, mti kwa mti, kwa ufito kila ulipoonekana. Picha nyingine zilikuwa nyeusi kwa mvua, hasa pale maili kumi na tano ambapo njia inagawanyika, kwa hiyo sikuweza kuona walishika ya kushoto au ya kulia. Lakini umbali niliupata. Maili kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa. Zile nyingine kumi na mbili gari lilikuwa linaunguruma pale pale na mita inahesabu matope.

Na umbali peke yake ulitosha. Njia ya kushoto inakufa kwenye majimaji, haipiti maili ishirini. Ya kulia inapanda ardhi ngumu, inaendelea mpaka huko. Kama ni thelathini na moja, lazima wako kulia. Kama ni kumi na tisa, na wamezama, wako kushoto. Mtoto angeelewa.

Nikaenda kwa Mwaisumo na karatasi zangu. Alikuwa na karani wa usafiri, Filimoni Nyato, amesimama na kitabu cha magari.

"Mkuu, wako kushoto. Maili kumi na tisa."

"Mita inasema thelathini na moja."

"Daudi mwenyewe amesema tusiiamini."

"Daudi amesoma mpaka wapi?"

"La sita, mkuu."

"Na wewe la nne. Kumi, jumla." Akamgeukia Nyato. "Mita ya gari imetengenezwa kiwandani Ulaya. Hii imetengenezwa na Bwana Ng'ombe dirishani. Wewe ungefuata ipi?"

Nyato alikuwa amezitazama picha zangu. Alikuwa amefuata hesabu yangu kwa kidole mpaka chini, nilimwona, na midomo yake ilitikisika akihesabu. Alijua. Akasema, "Kiwandani, mkuu."

"Maili kumi na tisa za ng'ombe gani safari hii, Asheri?" Ndiyo mara pekee aliyonitaja kwa jina.

Gari la kutafuta likapelekwa kulia. Lilikwenda siku tatu, likarudi. Hawakukuta kitu, wangekuta nini? Siku hiyo hiyo nikapanda basi mpaka Chimala, nikamwomba Mzee Salumu mtu wa kunisindikiza. "Mwanangu, hakuna mtu," akasema. "Wenye miguu wamehama, wenye mitumbwi hawajafika." Nikaenda peke yangu. Nilifika njia panda siku ya pili. Nikashika ya kushoto. Maji yalinifika kifuani, na mbele yangu palikuwa pametulia kabisa, majani yamesimama wima, hakuna ndege, hakuna chura, kama pamefunikwa na kitu. Niliita. Sauti yangu haikurudi na haikuenda. Nilisimama labda saa nzima, nikijua kwa hesabu yangu mwenyewe kwamba mbele yangu zimebaki maili nne na wapo wanaongoja.

Nikarudi. Sitawadanganya kuwa sikurudi. Sijui kuogelea.

Mwaisumo akaandika ripoti. Aliandika kwamba watumishi wawili wametoroka na gari la serikali, labda kuelekea mpaka wa Zambia. Ilipita miezi. Mke wa Mzee Sanga aliambiwa na majirani mumewe ni mwizi.

Kiangazi kilipofika wachungaji wakalikuta. Kushoto, kama nilivyosema. Landrova limesimama kwenye tope lililopasuka, na Mzee Sanga yumo ndani nyuma, amefunikwa blanketi vizuri mpaka mabegani, mtu amemfunika. Mwaisumo alikwenda mwenyewe na trekta, akalivuta gari siku ile ile mpaka barabarani, bila kupima mahali lilipokuwa. Mkuu wa kupima njia, hakupima! Akabadilisha ripoti: dereva amefariki kwa homa, mwenzake, Daudi, amemtelekeza mgonjwa akakimbia, hajulikani alipo.

Kamera ilikuwa bado juu ya paa. Mwaisumo alisema mkanda umeoza, utupwe. Mimi ndiye niliyepewa kuutupa.

Ulikuwa umeoza pembeni tu. Picha za mwanzo ni za gari lilivyozama. Kisha kamera imezimwa siku nyingi. Kisha imewashwa tena, asubuhi, anga safi, na hapo ndipo nilipoelewa. Daudi aliiwasha makusudi. Alijua nitazitazama. Alitaka nione amekwenda upande gani kutafuta watu, ili nikija nimfuate. Picha ya pili tangu alipoiwasha, amesimama hatua arobaini, ufito wima, uso kwenye gari, mkono juu. Ananiaga au anamuaga Mzee, sijui. Yaliyofuata mnayajua. Alipokuwa amebaki milimita mbili, alikaa hapo picha nne bila kupungua. Dakika ishirini, ameegemea ufito. Mkono mmoja uko juu tena. Ndani ya gari, Mzee alikuwa na homa.

Kisha moja. Kisha ufito peke yake.

Kamera haikujua. Iliendelea kupiga kila dakika tano mpaka betri ikafa. Ufito kwenye majani, mwekundu na mweupe, milimita sita. Picha moja ndege mweupe amesimama juu yake. Picha inayofuata ndege ameondoka. Nilizipima zote mpaka ya mwisho. Sikuweza kuacha kupima.

Vijana, kuna ugonjwa wa kazi hii ambao hakuna daktari atawaambia. Mtu akiagana nami akiondoka, siwezi kumtazama tu. Nafunga jicho moja, nainua kidole gumba, nampima. Mwanangu akishuka bonde kwenda shuleni miguu inapotelea kwenye majani, kisha kiuno, na mimi nasimama mlangoni natafuta kitu mkononi mwake, begi, fimbo, chochote, nione kama nacho kinapungua.

Baada ya zile picha nilikwenda Chimala tena, safari hii pakavu. Sokoni nikamwona mtu anachunga mbuzi kwa ufito mwekundu na mweupe. Nikamsogelea kwa adabu, nikamsalimu, nikamuuliza ameutoa wapi.

"Mbugani. Ulikuwa umelala tu, mbele ya lile gari lenu."

"Mbele kiasi gani, kaka?"

Akatazama soko. "Kama toka hapa mpaka kwa yule mama anayeuza mchele. Pale penye vichuguu vitatu vilivyoandamana." Kisha akasogea karibu. "Mbuzi hawapakanyagi pale. Wanazunguka. Nimewapiga na huu huu, wanazunguka."

Nikahesabu kwa miguu mpaka kwa yule mama wa mchele. Hatua thelathini na tisa. Mama akaniuliza nataka kilo ngapi.

Nikapeleka yote kwa Mwaisumo: picha, hesabu, maneno ya mchungaji. Alizitazama picha moja moja, polepole, na niliona rangi ya uso wake ikibadilika. Alielewa. Asije akawaambia hakuelewa. Alizikusanya zote na mkanda wake, akaziweka kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, akafunga, akatia ufunguo mfukoni pamoja na zile kalamu tatu.

"Mchunga mbuzi na Bwana Ng'ombe," akasema. "Huo ndio ushahidi?"

"Na picha, mkuu."

"Picha gani?"

Bwana Eriki aliporudi nilimweleza, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kwa Mwaisumo, wakafunga mlango, akatoka, akaniambia mambo haya ni ya ndani ya nchi yetu, yeye mgeni. Mtu aliyetufundisha kuwa gurudumu linadanganya! Mkataba wake ukaisha akaenda. Kazi ya picha ikafungwa, ikasemwa haina uhakika.

Nimekwenda Kihesa mara nyingi. Mama yake Daudi anaishi pale pale, nyumba ya matofali mabichi juu ya mlima. Mara ya kwanza nilisema, "Kamwene, mama," kwa Kihehe changu kibaya, akanijibu, akanipa kiti, akangoja. Nikamwambia nilichoona. Hakulia. Aliuliza, "Alimfunika yule mzee?"

"Alimfunika, mama. Mpaka mabegani."

"Basi hakumtelekeza."

"Hapana."

"Kwa nini wameandika amemtelekeza?" Akajifunga kanga yake upya. "Kanisani wananipisha benchi lote nikae peke yangu," akasema. "Mama wa mtu aliyemwacha mgonjwa. Wewe unayejua kupima, nenda kaniletee mwanangu, au niletee aliyeandika."

Kwenda peke yangu kuchimba nimekatazwa kwa barua, na macho haya hayanifikishi tena. Kwa hiyo nasema kwenu na kwa kila atakayesoma. Daudi hakutoroka. Yuko Usangu, njia ya kushoto kutoka Chimala, maili kumi na tisa, penye vichuguu vitatu vilivyoandamana, na aliyefika pale na trekta anajua nasema mahali gani. Filimoni Nyato, wewe ulihesabu kwa kidole ukafika kwenye jibu langu. Uko hai, una wajukuu, sema ulichokiona. Bwana Eriki, huko uliko, andika barua moja tu.

Na wewe Lutengano Mwaisumo, ambaye sasa umepanda cheo na unakaa ofisi kubwa zaidi: najua lile kabati ulihama nalo, niliona likipakiwa. Lifungue. Zitoe zile picha mbele ya watu, uziweke kwa mpangilio wake, na umpe rula kijana yeyote apime. Kisha panda basi uende Kihesa, ukae kwenye kile kiti, na umjibu yule mama kwa mdomo wako mwenyewe: nani aliandika kwamba mwanawe alikimbia, na aliandika akiwa anajua nini. Anangoja. Kila siku anauliza kama umefika.